Wanaume Kumi na Wanane, Ini Moja

Jumanne moja asubuhi, mwaka ule wa elfu mbili na themanini na mbili, majiko kumi na manane ya Kighareni yaligoma kukaanga.

Hayakugoma moja moja, kama vyombo vinavyochakaa. Yaligoma kwa pamoja, saa moja na robo, kina mama wameshakanda unga na mafuta yako pembeni yanasubiri. Nakijwa alikuwa kwa binti yake Namsifu, ameshika kikombe cha chai ya tangawizi, anaingoja chapati ya kwanza kwa subira ya mtu ambaye meno yake ya mbele yalishatangulia na hana tena haraka na chakula. Ndipo jiko likakohoa.

“Samahani, mama mwenye nyumba,” jiko likasema. “Katika nyumba hii mna ini lililojaa mafuta. Chapati sitaweza. Naweza kuchemsha maharage, naweza kuchemsha mchicha, naweza kuchoma hindi moja. Nikuwekee lipi?”

Namsifu akabaki na donge la unga mkononi. “Ini la nani?”

“Sheria hainiruhusu kutaja jina.”

“Humu tuko watu wazima wawili tu!”

“Sheria hainiruhusu,” jiko likarudia, kisha likashusha sauti kama jirani mmbeya. “Ila bwana apunguze soda.”

Bwana mwenyewe, Mbonea, alikuwa anatoka chumbani akifunga mkanda. Alikuwa mwembamba kama mpini wa jembe. Mkanda ule alishautoboa matundu matatu ya ziada kwa msumari. Alipoona upindo wa khanga ya mama mkwe wake, akarudi nyuma upesi, akajificha kwenye pazia. Ndiyo adabu ya Kighareni hiyo: mwanamume hamkabili mama mkwe, hasemi naye ana kwa ana, na kiti alichokalia mama mkwe yeye hakikalii, hata kama magoti yamekatika kwa uchovu.

“Namsifu,” pazia likasema, “niamkie mama.”

“Mama, unaamkiwa.”

“Marahaba. Mwambie pole na jiko.”

“Unaambiwa pole na jiko.”

“Mwambie mama nimeshapoa. Halafu, yeye si ndiye Mlinzi wa Kigoda? Muulize hayo mafuta mimi nimeyaweka wapi, maana hata suruali hainikai.”

Nakijwa akaitazama chai yake. Alijua mafuta yalipo. Hayakuwa kwa Mbonea, wala hakuyajua ya wenzake kumi na saba. Yale yaliyoandikwa yote yalikuwa ya tumbo moja tu, la mtu ambaye hata si wa kijiji kile. Na yeye Nakijwa ndiye aliyeyaona yakiandikwa pasipo pake, akanyamaza.

“Mwambie,” akasema polepole, “mambo ya ini hayasemwi kwenye chai.”

*

Chanzo chake kilikuwa Jumamosi iliyotangulia, kwenye msaragambo.

Msaragambo ni kazi ya wote. Mbiu ikilia, kila mtu mzima hutoka, iwe kuchimba mfereji, iwe kuzoa mawe njiani. Lakini tangu punda-hewa waletwe milimani, watu wa Kighareni walikuwa wamesahau jembe linashikwa upande gani. Punda-hewa alikuwa na mabawa manne na hakula majani. Alibeba maji, alibeba mbolea, alibeba na wavivu. Mtu alimtuma kwa jirani kuomba chumvi, na jirani alimrudisha na chumvi na salamu. Mlima uliopandwa na mababu na mzigo kichwani, wajukuu waliutazama dirishani.

Basi matumbo yakaja. Na nyuma ya matumbo ukaja ugonjwa usiopiga hodi, wa mafuta kwenye ini. Hauwashi, haukohozi. Mtu anacheza harusini mwaka huu, mwaka wa saba unamkuta macho yamekuwa ya njano kama ndizi mbivu, ndipo wanasema amerogwa.

Wakubwa wa wilaya walijaribu kwanza kuwaambia watu wenyewe. Watu waliambiwa, wakashukuru, wakaahidi, wakaenda kula. Ndipo ikatungwa Sheria ya Jiko: kipimo hakiendi kwa mwenye ini, kinakwenda kwa jiko lake. Mtu mzima hudanganya. Jiko halina sababu.

Cha kupimia ndicho kilikuwa Kigoda. Kilikuwa cha chuma cheusi, miguu mitatu, kadiri ya kile cha kukamulia ng’ombe. Ukikikalia kinatuma mshindo mwilini, mdogo kuliko wa paka akirukia mkeka, halafu kinasikiliza. Ni kama mtu anavyogonga fenesi kujua limeiva au bado. Mshindo ukififia njiani, ini lina mafuta. Ukipita mbio, ini limeanza kukakamaa, na hapo ndipo pa kuogopa. Aliyekaa ni nani, Kigoda huambiwa na bangili ya kijiji ambayo kila mtu mzima huvaa.

Kila Kigoda kilihitaji mlinzi. Mkutano ulimchagua Nakijwa kwa mambo mawili. Kwanza subira: aliwahi kukaa siku nzima kwenye banda ili ajue ni kuku yupi anayekula mayai ya wenzake. Pili, siri: kwa miaka kumi na mmoja alijua nani alimwingiza fahali ndani ya zahanati, na hakumwambia mtu, hata mhusika mwenyewe alipokuja kumuuliza kama anajua. Akaapa mbele ya watu kwamba hatatoa ini la mtu kwa mtu, na hatamruhusu yeyote kukaa kwa bangili isiyo yake.

Wazee wa kike wakapewa heshima ya kukaa mwanzo. Wakakaa wote, Nakijwa akiwatangulia ili waone hakiumi. Kisha likaitwa jina la Mbonea.

Mbonea akasogea, akakitazama Kigoda, akasogea tena, sasa kinyumenyume.

“Alipokaa mama mkwe mimi nikae?” akasema kwa sauti ya mtu aliyeambiwa avue nguo. “Mbele za watu?”

Ndipo kijiji kikagutuka. Koo za Kighareni ni nne tu na zimeoana tangu zamani. Wanaume waliooa mbali walikaa wakapimwa bila tatizo, lakini wakabaki kumi na wanane ambao mama wakwe zao walikuwa wameshakikalia. Miongoni mwao alikuwamo mwenyekiti mwenyewe, Bwana Mgonja, mtu wa sauti kubwa na shingo fupi.

“Kioshwe!” Mgonja akaamuru.

“Naomba msinimwagie maji,” Kigoda kikasema. “Mimi ni chombo cha umeme.”

“Kitandikwe blanketi!”

Likatandikwa. “Sisikii kitu,” kikasema. “Labda huyu ana ini la sufi.”

Watu wakakuna vichwa. Ingekuwa kitu kingine wangekiacha. Lakini kijiji kisichomaliza watu wake kinanyang’anywa Kigoda, hicho Kigoda kinapelekwa kijiji jirani cha Kisesheni, na Wakighareni walikuwa radhi wapoteze mvua kuliko kuwaachia Kisesheni hata ndoo mbovu.

Katika kukuna vichwa huko, punda-hewa akashuka na mikungu ya ndizi, na juu ya mikungu alikaa Ndesario Tarimo, mchuuzi kutoka Uchagani, ambaye kila Jumanne na Jumamosi huleta ndizi gulioni. Tumbo lilifika kwanza, kisha mwenyewe.

“Nyie Wapare!” akaita kabla hajakanyaga chini. “Watu wazima mnakizunguka kiti kama kuku waliomwona nyoka! Kimewakosea nini? Si mkakishtaki, kama kawaida yenu!”

“Shuka, mla ndizi,” Nakijwa akajibu bila kugeuza shingo, “kabla huyo punda hajavunjika mgongo. Wewe tumbo lako hufika sokoni Ijumaa, mwenyewe ukafuata Jumamosi.”

“Wewe meno yako yalifika wapi? Uliyauza?”

Watu wakacheka, na Nakijwa akacheka zaidi. Mpare na Mchaga ni watani. Mtani anakutukana na hununi, anabeba kuku wako na humdai. Na msiba ukiingia, yale ambayo wafiwa hawawezi kuyagusa, mtani ndiye anayeyagusa.

Hapo ndipo Mgonja alipopata akili ile. “Jamani! Jambo likitushinda kwa mwiko, siku zote anatufanyia nani?”

“Mtani!” wakajibu kwa pamoja.

“Na huyu ana mama mkwe hapa?”

“Hana!”

“Basi atukalie!”

Na Ndesario, ambaye hajawahi kukataa mchezo, akakaa. Akavishwa bangili ya kwanza, Kigoda kikatuma mshindo, kikasikiliza. “Karibu, Bwana Mgonja. Uzito wako ni kilo mia na nne.” Akavuliwa, akavishwa ya pili. “Karibu, Bwana Mbonea. Uzito wako ni kilo mia na nne.”

Mbonea alikuwa nyuma ya umati. Akaitazama mikono yake, akamgeukia mkewe. “Unasikia? Nimepata mwili.”

Nakijwa alisimama pale na kiapo chake kinywani kama mtu aliyemeza ndimu. Angesema neno moja tu, wangeacha. Lakini kumwumbua mkwe hadharani, na mwenyekiti, na waume wa wenziwe wote, yeye aliyelelewa akiambiwa aibu ya mkwe ni nzito kuliko homa? Akajiambia hili ni jambo dogo. Akakitazama Kigoda kikiwapokea wageni kumi na wanane wenye tako moja, akanyamaza.

*

Ukapita mwezi wa maharage.

Majiko na punda-hewa walikuwa ndugu, walipeana habari. Punda-hewa nao wakakataa kuwabeba wale kumi na wanane. Basi wakatembea. Asubuhi ungewaona wakipanda na kushuka mlima mmoja nyuma ya mwingine, mwenyekiti mbele akihema kama mvukuto, wakinung’unika juu ya dunia. Lakini kila wiki walinung’unika wakiwa mbali zaidi na nyumbani. Mgonja akapata shingo. Mbonea naye akapungua, ingawa hakuwa na pa kupungulia. Akatoboa mkanda tundu la nne.

Siku moja Kigoda kikaita, “Mlinzi, una barua kutoka wilayani.”

Ilisema hivi: katika Kijiji cha Kighareni wameonekana wanaume kumi na wanane, wa baba na mama tofauti, wenye ini moja, kipimo kwa kipimo, hadi nukta ya mwisho. Jambo hili halijapata kuonekana. Mtaalamu atafika Jumamosi ijayo kuchunguza maji, udongo na asili ya ukoo.

Mgonja aliposomewa aliruka. “Tumejulikana! Ini la Kighareni! Mwambieni mwalimu wa kwaya atunge wimbo!”

Nakijwa hakuruka. Watu walipokwenda kutafuta wimbo, akabaki na Kigoda.

“Nionyeshe hilo ini,” akasema.

Maandishi yakatokea ubavuni mwa chuma. Shule aliiacha mapema kuchunga mbuzi wa baba yake, kwa hiyo alisoma kwa kidole, neno baada ya neno, bila kuruka. *Mafuta: zaidi ya theluthi. Kukakamaa: kumeanza. Mwenye ini akibadili mwenendo sasa, linarudi. Akichelewa, halirudi.*

Akasoma tena. Kidole kikasimama penye *halirudi*.

“Kigoda,” akauliza, “mwenye ini hili ameshaambiwa?”

“Ameambiwa mara kumi na nane,” Kigoda kikajibu kwa fahari.

Nakijwa akakaa chini kwenye majani. Huko ng’ambo, nyumbani kwa Ndesario, jiko lilikuwa linakaanga kwa furaha zote. Halikuwa limesikia kitu. Mchicha wake ulikuwa unaliwa na wengine, maharage yake yalikuwa yanaliwa na wengine. Wanaume kumi na wanane walikuwa wanaponywa ugonjwa wa mtu mmoja, na mgonjwa mwenyewe alikuwa anaongezewa mchuzi.

Akamwendea Namsifu, akamweleza yote, kwa kuwa mzigo ule ulikuwa umeshamshinda.

“Mama, nyamaza,” Namsifu akasema papo hapo. “Nakuomba. Mbonea hakoromi siku hizi. Mke wa mwenyekiti anasema mumewe amerudia kuimba bafuni. Wewe ukisema, majiko yanafunguka kesho, wanarudi kwenye vitumbua, Kigoda kinakwenda Kisesheni, na wewe unaitwa mvunja kiapo. Watu kumi na wanane, mama, kwa ajili ya mtu mmoja? Tena Mchaga?”

“Huyo mmoja ndiye mwenye ini.”

“Lakini wamepona!”

“Wamepona nini, mwanangu? Hatujui waliumwa nini. Ya kwao wenyewe hayajasikilizwa na mtu.” Akalitupia jiko jicho. “Na hivi, ini liko ndani ya mtu, analibeba mwenyewe, analala nalo. Inakuwaje jiko lijue kwanza?”

Namsifu akafunua sufuria ya maharage, akachungulia. Jiko, ambalo lilikuwa linasikiliza, nalo likajifanya linachemka.

*

Jumanne, gulioni, akamfuata Ndesario kwenye ndizi zake. Alimkuta ana kipande cha nyama ya nguruwe mkono huu, kibuyu cha mbege, pombe ya ndizi, mkono ule.

“Ndesario,” akasema, “ini lako limejaa mafuta.”

“Na lako limejaa kesi,” Ndesario akajibu, akimumunya mfupa.

“Nasema kweli. Siku ile ulipokaa…”

“Nilipokaa, chuma kilipata joto kwa mara ya kwanza tangu kikaliwe na mifupa yenu!”

Wateja wakacheka. Nakijwa akatoa karatasi aliyonakili yale maneno kwa mkono wake mwenyewe, herufi kubwa kubwa. “Soma hapa.”

Ndesario akaisoma, akaiinua juu watu waione. “Mpare bahili ametumia karatasi nzima! Upande mmoja tu! Bibi huyu anaumwa, mwiteni daktari!”

Hata Nakijwa mwenyewe kicheko kilimponyoka, maana ilikuwa nzuri. Na kicheko kile ndicho kilichomaliza maneno. Akamwambia atageuka njano. Akaambiwa basi atapata bei nzuri kama ndizi. Akamwambia atakufa, akaambiwa atangulie yeye akamwandalie kiti, ila asikikalie.

Akarudi nyumbani ameshika karatasi yake. Miaka ishirini na mitatu alikuwa amemtukana mtu yule kila Jumanne na kila Jumamosi, kwa ufundi na kwa mapenzi, na sasa katikati yao hapakuwa na mlango wa kupitisha neno la kweli. Ukimwambia mtani nyumba yake inaungua, atakuuliza umepata wapi kiberiti.

Akakaa barazani siku tatu akiwaza, kama alivyomkalia yule kuku.

*

Jumamosi mtaalamu akafika, Daktari Anjela, msichana wa miwani mikubwa, na chupa za kuwekea udongo. Kwaya ikajipanga. Wale kumi na wanane wakasimama mstari mmoja, wamechana nywele. Punda-hewa akashuka na mikungu, na Ndesario juu yake.

“Nyie Wapare! Mmejipanga hivyo mnauzwa?”

Nakijwa akatoka mbele ya watu. Akamwendea moja kwa moja, akakunja magoti yake ya miaka sitini na minane, akainamisha kichwa.

“Shikamoo, baba,” akasema.

Kicheko cha Ndesario kikakatika katikati. Yeye alikuwa na miaka hamsini na mitano.

“Unasemaje?”

“Karibu, mheshimiwa. Pole na safari. Nyumbani hawajambo?”

“Hawa… hawajambo. Nakijwa, una nini?” Akaangalia huku na huku. “Nani amekufa?”

“Hajafa mtu, baba. Karibu kivulini, jua lisikuchome.”

Mkungu ukamponyoka, ndizi zikatawanyika. “Nitukane,” akasema.

“Sithubutu, baba.”

“Nitukane bwana! Tumbo hili hapa! Hulioni? Sema neno!” Akalipiga tumbo kwa kiganja. “Hata maiti hutukanwa na watani wake. Mimi nimekuwa nini?”

“Umekuwa mgonjwa,” Nakijwa akasema, “na mgonjwa hatanii na mtu mpaka asikie. Nilikwambia Jumanne, ukacheka. Na mimi nikacheka, Mungu anisamehe. Sasa sicheki. Ini lako limejaa mafuta, limeanza kukakamaa. Ukigeuka sasa, linarudi. Ukichelewa, halirudi.”

Ndesario akamtazama. Alimtafuta mzaha usoni mwake, akautafuta machoni, akautafuta hadi kwenye pengo la meno, hakuuona. Akakaa juu ya ndizi zake.

“Nani mwingine anajua?” akauliza kwa sauti ndogo.

“Majiko kumi na manane.”

Kisha Nakijwa akamgeukia Daktari Anjela, akaeleza yote, mbele ya kwaya na mwenyekiti na wakwe: mwiko, bangili, mtani, kiapo, na mwezi mzima wa maharage. Mgonja akatazama viatu vyake. Mbonea, nyuma ya mgongo wa mwenzake, akasema taratibu, “Kwa hiyo zile kilo si zangu.”

Daktari akaziweka chini chupa zake. “Bibi, uliapa.”

“Niliapa, nikakivunja. Nikafikiri adabu itanifunika. Haikunifunika mimi, imemfunika huyu macho.”

“Sheria inanitaka nikichukue Kigoda.” Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. “Ila mimi leo nimepangiwa kuwa hapa mpaka jua litue. Kabla sijaondoka, kila mtu akiwa amekaa kwa bangili yake na kwa mwili wake, nitaandika kuwa Kighareni imemaliza watu wake. Mmoja akibaki, naondoka nacho.”

Minong’ono ikapita. Kisesheni, Kisesheni. Lakini mama wakwe walikuwa wameshakikalia, na mwiko haufi kwa kuwa daktari ana haraka. Wale kumi na wanane wakatazamana. Hakuna aliyesogea.

Ndesario akainuka. Alikuwa bado hana rangi usoni, lakini akatembea hadi penye Kigoda, akakibeba kwapani.

“Hiki nimekiteka,” akasema. “Haki ya mtani. Nani anabisha?”

Hakuna aliyebisha, chombo kilichotekwa na mtani ni chake mpaka kikombolewe.

“Basi si kiti cha mama mkwe wa mtu tena. Ni cha Mchaga. Na mkiona bado kina harufu ya ukwe, mimi nitakikalia kwanza kila anapotaka kukaa mmoja wenu. Tako la mtani halina ukwe.”

Wazee wakainamiana, wakanong’ona, wakatikisa vichwa kukubali. Hapakuwa na mahali mwiko ulipokataza tako la Mchaga kupita katikati.

Daktari akamvisha bangili ya mgeni, yenye jina lake. Akakaa.

“Karibu, Bwana Ndesario Tarimo,” Kigoda kikasema. “Sina jiko lako katika orodha yangu, kwa hiyo nakwambia mwenyewe. Ini lako lina mafuta zaidi ya theluthi, na limeanza kukakamaa. Bado linaweza kurudi. Mbege uache kabisa, punguza sukari, tembea.”

Kwaya ikavua kofia. Ndesario akainuka taratibu. Mgonja akakaa kwa bangili yake, akapimwa, akaondoka. Ndesario akakaa tena.

“Karibu, Bwana Ndesario Tarimo. Sina jiko lako katika orodha yangu, kwa hiyo nakwambia mwenyewe…”

“Ulishaniambia.”

“…ini lako lina mafuta zaidi ya theluthi…”

Mara ya tatu watu walianza kutabasamu. Mara ya sita walikuwa wanasema pamoja na Kigoda, “Bado linaweza kurudi!” Mara ya tisa kwaya, iliyokuwa na wimbo na haina pa kuuweka, ikaitikia kwa sauti nne. Mara ya kumi na tano Ndesario alikuwa anakemea, “Nimesikia, we kiti! Mbege niache, sukari nipunguze, nitembee! Mama yangu mzazi hakunisema hivi!” Na alipokaa mara ya kumi na nane, ambayo ilikuwa kwa ajili ya Mbonea, hakukemea tena. Alisikiliza mpaka mwisho, ameweka kiganja ubavuni chini ya mbavu, kama mtu anayembembeleza mtoto wa mtu mwingine.

Mbonea akakaa baada yake, akafumba macho, akapimwa. Mstari ukaisha. Jua lilikuwa bado kidole kimoja juu ya mlima. Daktari akaandika, akafunga daftari, na kabla ya kupanda punda-hewa wake akamwinamia Nakijwa. “Sheria inasema jiko liambiwe,” akasema. “Nimesoma tena. Haisemi popote kwamba mwenye ini asiambiwe kwanza. Wewe ndiye mlinzi.”

Majiko yakafunguka, lakini si yote. Kutoka nyumbani kwa Namsifu ikasikika sauti ikikohoa. “Samahani, mama mwenye nyumba. Katika nyumba hii mna ini…”

“Hata baada ya haya yote?” Mbonea akalia. “Mimi? Mafuta yameingilia wapi?”

“Bwana apunguze soda,” jiko likasema. “Nilisema tangu mwanzo.”

Nakijwa hakucheka. Alikuwa anamtazama Ndesario, ambaye alikuwa amefungia mikungu yake iliyobaki juu ya punda-hewa, akampiga ubavuni kumwambia aende peke yake. Kisha akaukunja mguu wa suruali, akaitazama njia ya kushuka mlima, akaanza kutembea. Alikwenda hatua thelathini, akasimama, akageuka. Alisubiri tu.

Nakijwa akaweka mikono mdomoni.

“Nenda polepole, mla ndizi!” akapaza sauti, mpaka bonde likaitikia. “Huo mlima ni wetu! Ukiteleza na tumbo hilo utaufukia!”

Ndesario akainua mikono yote miwili juu, kama mtu aliyeachiwa huru mahakamani, akaendelea kushuka akicheka.